Macho ya Mtumba

Juzi nilifungua boksi la vitabu aliloniachia msomaji mmoja mstaafu anayehama nyumba. Kabla sijaona jalada hata moja, harufu ilinipanda puani: dawa ya nondo, karatasi iliyokula unyevu, na kitu kingine kama sabuni ya mbali. Nikaketi sakafuni. Mtu wa umri wangu akiketi sakafuni ghafla, watoto wake huja mbio kuuliza kama aletewe maji. Nikawaambia waniache. Nilikuwa nimerudi milimani juu ya Soni, kwenye baraza la bibi yangu, nina meno mawili pungufu, na shangazi Zaina anakata kamba za belo la mitumba.

Shughuli yangu siku hizi ni kusoma riwaya na kuwaambia watu wengine wazisome au wasijisumbue. Nasoma za wakati ujao, zenye vyombo vinavyosafiri kati ya nyota. Nasoma za miujiza, zenye nyoka wanaozungumza na pete zinazopoteza watu. Nasoma za kihistoria, ambamo wafalme waliokufa zamani wanapewa tena mafua na wivu. Chuo kikuu kilinipa maneno marefu ya kufanyia shughuli hiyo, na nimeyatumia yote, hata pale ambapo fupi lingetosha. Lakini mafunzo yenyewe niliyapata barazani, na yalikaribia kumgharimu bibi yangu macho yake.

Kilikuwa kipindi cha ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wenzangu wa umri huu hawahitaji maelezo zaidi. Duka la ushirika, ambako mama zetu walipanga foleni kwa ajili ya sukari, lilibaki na mizani na paka. Nje yake, barabarani, vitu vilikuwa vinamwagika: sabuni zenye harufu, dawa ya meno yenye mistari miwili ya rangi, kanda za muziki, viatu vyenye visigino ambavyo hakuna aliyeweza kuvivaa kwenye miteremko yetu bila kufika chini kabla ya wakati wake. Ukikaa wiki moja bila kushuka sokoni, ulikuta kitu kipya kisichokuwa na jina. Tulizoea haraka kuamini kwamba chochote kinaweza kuwepo.

Shangazi Zaina, mdogo wake baba, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kusubiri bahati. Badala ya bahati akapata mitumba. Aliuza siku za soko pale Soni, na siku moja belo aliloambiwa ni la mchanganyiko likafunguka na kutoa makoti machache juu, na chini yake vitabu, vingi, vya Kiingereza, vimebanwa mpaka vikapinda kama vigae. Alilia kidogo. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu sokoni aliyevitaka, akavirudisha nyumbani na kuanza kuvisoma.

Kila alasiri, wakati sisi wengine tunachambua maharage barazani, alikuwa anafungua kitabu na kutusomea. Macho yake yalikuwa kwenye Kiingereza na mdomo wake ulikuwa unatoa Kiswahili, na pale mambo yalipopamba moto, Kishambaa. Alisoma mchana kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na mafuta ya taa hayakuwa ya kuchezea. Alipomaliza kitabu, kazi ya kukipeleka kwa wengine ilikuwa yangu. Nilikipeleka kwa mwalimu Yona, jirani yetu Mlutheri aliyependa vitabu vya historia, kwa fundi cherehani, na kwa binti mmoja aliyekuwa amesoma na shangazi. Wote waliniuliza swali moja mlangoni: "Hiki kikoje?" Nami, niliyekuwa sijui neno la Kiingereza zaidi ya kumwamkia mkaguzi wa shule, nilitoa uhakiki.

"Kina vita sana," nilimwambia mwalimu Yona, "lakini mfalme anakufa mapema."

"Sasa mbona umeshaniambia?"

"Ili usimpende, Mwalimu."

Sijawahi kuandika uhakiki wenye manufaa zaidi ya huo.

Msikilizaji mkuu barazani alikuwa bibi, mama yake shangazi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, weupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Alitutambua kwa kikohozi. Alipomimina chai aliweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na tulikunywa bila kusema kitu. Shamba lake la viazi liko kwenye matuta ya mteremkoni, na siku moja alikosa ukingo wa tuta, tukamkuta ameketi katikati ya maharage ya jirani, khanga imechanika. Alisema alikuwa anapumzika. Baada ya hapo baba alimkataza kwenda shamba peke yake, na yeye, aliyelima mteremko ule tangu alipoolewa, akawa mtu wa kukaa na kusikiliza.

Alisikiliza kwa ukali. Kitabu cha nyoka anayelinda dhahabu mlimani hakikumtisha hata kidogo. "Nyoka huyo yuko huko Mtae," alisema. "Dhahabu ndiyo sijaisikia." Kitabu cha mtu anayekwenda mwezini alikipa muda, akataka kujua mtu huyo ameacha nani nyumbani na nani anamlimia. Sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa anasikiliza kama mtu anavyosikiliza taarifa ya habari.

Na mimi pia. Nyumbani kwetu, kama kwa majirani wengi, hadithi haikusimuliwa mchana. Mchana ulikuwa wa kazi na wa mambo ya kweli: nani amefiwa, kabichi zimeingiwa na wadudu gani, barabara ya Mombo imekatika wapi. Hadithi zilingoja jua lizame na watu wakusanyike kwenye mafiga. Anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Tuliambiwa hivyo kabla hatujajua kufunga vifungo, na mimi sikuwahi kukutana na mtu mwenye pembe, jambo lililonithibitishia kwamba watu wote wanafuata sheria.

Kwa hiyo nilikuwa nimeupanga ulimwengu kwa saa. Machifu wa milimani, misafara ya pembe za ndovu, Wajerumani na mizinga yao, hayo bibi aliyazungumza jioni motoni, basi yalikuwa ya kubuni. Vyombo vya kwenda kwenye nyota vilizungumzwa saa tisa alasiri, juani, mbele ya watu wazima wenye akili zao. Hivyo vilikuwa vya kweli. Shuleni nilimwambia mwalimu wa historia, kwa heshima zote, kwamba Wajerumani hawakuwahi kuwepo. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama nje ya dirisha, kwenye jengo la mawe walilolijenga.

Wiki ile iliyotaka kutuharibia ilianza kwa habari njema. Mganga wa zahanati alipita nyumbani kusema kwamba madaktari wa macho wanakuja Lushoto. Wangekaa hospitalini wiki moja tu, kisha waondoke, na hakuna aliyejua kama wangerudi. Wangepasua macho ya wazee bure.

"Watayapasua vipi?" bibi aliuliza.

"Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo, bibi. Chako kimechafuka. Wanakitoa, wanaweka kingine."

"Kingine," bibi alirudia.

Sasa, shangazi alikuwa ameanza kitabu kipya siku mbili kabla ya hapo, na hakuna mtu aliyekichagua kwa nia yoyote. Kilikuwa juu ya mji wa wakati ujao ambao moshi wake umepofusha maskini. Mtawala anawaita, anawapa macho mapya ya mashine, bure. Wanarudi makwao wanacheka, wanatazama watoto wao. Wasilolijua ni kwamba mtawala, kwenye mnara wake, anaona kila wanachokiona. Shangazi alilifikia jambo hilo alasiri ileile mganga alipoondoka. Alilisoma vizuri. Fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kurudisha kitabu, aliacha kutafuna muwa.

Bibi alikung'uta maganda ya maharage kwenye khanga yake. "Siendi," alisema.

"Huendi wapi, mama?"

"Lushoto."

Shangazi alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna mwenzake anayecheka. "Mama, hiki ni kitabu tu."

"Ndiyo. Kimeandikwa." Bibi alinyoosha kidole kuelekea kwenye rundo la makoti, na kwa mara ya kwanza tangu macho yalipomharibikia alilipata lengo lake sawasawa. "Hizo nguo mnaziitaje wenyewe? Kafa Ulaya. Mwenye koti amekufa, koti limefika Soni. Nieleze, Zaina: macho yake yamekwenda wapi?"

Shangazi alilitazama rundo la makoti.

"Sitaki macho ya mtumba," bibi alisema. "Nilale nayo, niogee nayo, na mtu nisiyemjua amekaa huko ananitazama? Mimi nimestirika mpaka uzee huu."

Baba alijaribu usiku ule, akashindwa. Alijaribu kwa upole, halafu kwa sauti, halafu akaenda kukata kuni ambazo zilikuwa zimeshakatwa. Mama alijaribu kupitia kwa shehe, na shehe alisema tiba ni halali, na bibi akakubali kwamba tiba ni halali; alichokikataa ni jicho la mtu mwingine. Siku zikawa zinakwenda. Jirani mmoja wa bondeni alishapelekwa, na habari zake hazikuwa zimefika. Mimi nililala upande wa ukutani kwenye kitanda cha bibi, na nilikuwa namsikia akijipapasa kope kwa vidole, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Nilikuwa upande wake kabisa. Nilikuwa nimemsikia mtawala yule saa tisa alasiri.

Siku mbili kabla ya madaktari kuondoka, shangazi alimwita mwalimu Yona. Alikuja na shati lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umetumwa?"

"Nimetumwa, bibi, sitakuficha. Kitabu kile ni cha kubuni. Hakuna mji kama huo. Mwandishi amekaa chini, akautunga kichwani."

"Mchana?"

"Sijui, bibi. Huenda mchana."

"Mtu mzima, mwenye afya yake, anakaa mchana kweupe anaandika uwongo," bibi alisema taratibu, "halafu wenzake wanaupiga chapa, wanaufunga kwenye belo, wanaupakia melini, unapanda mpaka huku kwetu. Kwa faida gani?"

Mwalimu Yona alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliotuangusha. "Watu hupenda kuwaza yajayo, bibi. Na mengine huja kutokea. Zamani waliandika juu ya mtu kwenda mwezini, wakachekwa, na kweli baadaye watu wakaenda."

"Asante, Mwalimu," bibi alisema. "Mpeni chai."

Mwalimu alinywa chai kwa aibu, na shangazi akaenda nyuma ya nyumba. Lakini mimi nilikuwa nimeshika neno moja, na lilikuwa linanipasua. Cha kubuni. Kama kile kitabu kilibuniwa, basi kilikuwa hadithi. Na kama kilikuwa hadithi, tulikuwa tumeisikiliza mchana. Si hicho tu. Cha mwezini, cha nyoka, vyote! Niliweka mkono kwenye paji la uso. Asubuhi ile nilikuwa nimejigonga kwenye kizingiti cha jiko, na pale pale, upande wa kushoto, pembe ilikuwa imeanza.

Nilimkuta shangazi ameegemea ukuta, anajifuta pua kwa upindo wa khanga.

"Shangazi, tutaota pembe."

"Niache, mwanangu."

"Mimi yangu imeshatoka. Gusa." Alinigusa, nikapiga kelele. "Wewe utaota nyingi, ndiye uliyesoma. Na bibi ataota, na fundi. Shangazi, irudishe. Isimulie jioni, tuone kama zitaingia ndani tena."

Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Kikakatika katikati. Alinishika mabega, akaniangalia kana kwamba pembe ameiona kweli.

"Umesemaje?"

"Isimulie jioni."

"Kamlete fundi cherehani," alisema. "Na ukimkuta mwalimu bado anakunywa chai, mwambie asiondoke."

Tulikusanyika jikoni baada ya swala ya magharibi, ukungu umeshaingia kwenye migomba na viazi viko motoni. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Hakuuliza wageni wamefuata nini. Alidhani wamekuja kumsihi tena, na alikuwa amekaza shingo. Shangazi alikoroga makaa. Kitabu hakuwa nacho.

"Hadithi, hadithi!" alisema.

Tukaitikia wote. "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Na sauti ya bibi ilikuwa ndani yake. Hakuwa ameamua kuitikia. Ilitoka tu, kama inavyotoka amina.

"Paliondokea mji," shangazi alisema, "na mji huo ulikuwa na moshi."

Alisimulia kama bibi alivyomsimulia yeye utotoni. Mtawala alipata tumbo kubwa na sauti ya puani. Maskini wa mji wakapewa wimbo mfupi wa kuitikia, na mwalimu Yona aliuitikia kwa besi ya kwaya. Alipofika kwenye macho ya mashine, bibi aliinua mkono.

"Ngoja. Hii si ile ya barazani?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Makaa yalilia. Mimi nilikuwa nimebana pembe yangu kwa kiganja.

"Kwa hiyo ni uwongo," bibi alisema.

"Mtupu, mama. Wa kupigwa chapa."

"Na umenisimulia mchana!" Alilitafuta bega la shangazi, akalipata, akalipiga kofi. "Siku zote hizi! Mimi na uzee huu niote pembe? Watu wakija kunizika wataniingizaje kaburini?" Fundi cherehani aliinama kati ya magoti yake, mabega yanamtikisika. Bibi alimgeukia. "Nawe unacheka nini, mkubwa mzima, hukujua?" Kisha akatulia, akavuta khanga, na tuliona hasira ikimtoka na kitu kingine kikiingia. "Haya. Malizia."

Shangazi alimalizia. Mnara ulianguka, kama minara inavyoanguka. Bibi alifikiri.

"Mtawala huyo ni mjinga," akasema. "Anatazama kwa macho ya mji mzima. Atalala saa ngapi? Wangemwacha tu, angekufa kwa usingizi. Aliyetunga hakufikiri."

Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya za namna hiyo tangu wakati ule, mwingine nimeuandika mwenyewe kwa kurasa nyingi, na sijaona aliyemfikia.

Alipokwisha kusema hayo aliomba kiazi, akakimenya, na katikati ya kukimenya akasema, "Mniamshe mapema." Tuliogopa kwamba tukipumua angebadilisha nia.

Tulipanda Lushoto kwenye gari dogo la kabichi, bibi mbele kwa dereva, mimi na shangazi nyuma juu ya magunia. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Bibi alimshika mkono asiondoke.

"Hicho unachoniwekea kilikuwa cha nani?"

"Kipya, bibi. Hakijavaliwa na mtu."

"Wewe umekiona?"

"Kiko kwenye pakiti yake. Nitakifungua mbele yako."

"Mbele yangu ni wapi, nami sioni?" alisema, lakini alimwachia mkono.

Walimpasua jicho moja, la kulia. Usiku ule alilala wodini na shangazi chini ya kitanda chake, nami kwa mama mmoja wa kijijini kwetu aliyeolewa mjini, na sikulala vizuri. Sasa ilikuwa imenijia hofu nyingine, isiyo na mtawala wala mnara, kwamba watafungua bandeji na weupe uwe uko palepale, na awe amekuja kwa sababu yetu.

Asubuhi muuguzi alifungua bandeji polepole. Bibi alipepesa. Chozi lilishuka. Alimtazama muuguzi, akatazama ukuta, akanitazama mimi, muda mrefu.

"Mke mwenzangu," alisema, "meno yako yamekwenda wapi?"

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Bibi alimgeukia. "Na wewe, hilo gauni lina maandishi gani kifuani? Umelivaa mbele ya watu?"

Tulishuka naye siku iliyofuata. Njiani alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha gari, anahesabu kwa midomo mashamba ya watu, nani amelima na nani amezembea. Kutoka barabarani alipanda njia ya nyumbani mbele yetu, peke yake. Akaingia jikoni. Kisha tukasikia sauti yake.

Masizi haya! Sufuria hizi zimeoshwa na nani? Tangu lini kuku wanalala juu ya unga? Na haya matando yote darini, tumekuwa tunafuga buibui? Mama alikuja mbio kutoka kisimani akidhani kuna msiba, akasimama mlangoni na ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, anatabasamu kama bibi harusi. Baba aliitwa, akakemewa kwa ajili ya paa. Shangazi Zaina aliketi kwenye kizingiti, analia na kucheka pamoja, na kila mara bibi aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye alinyoosha kidole juu, pembeni, na kumwonyesha utando mwingine.